Kila barabara na ugumu wake: Jinsi ya kurekebisha shokomzoba za gari

WAPENZI wengi wa magari huamini kwamba gari la mbio ni sharti liwe gumu. Mwenye gari akipata vijisenti vya ziada, hununua shokomzoba za kurekebishwa, humwagiza fundi azikaze hadi mwisho, kisha huondoka gereji akiwa na furaha kwamba sasa gari lake limeshika barabara.

Furaha hiyo aghalabu hudumu hadi tuta la kwanza. Gari huanza kurukaruka, usukani hutetemeka mikononi, na katika kona yenye viraka vya lami mkia wa gari husogea kando kidogo kabla ya kutulia. Dereva hudhani kwamba matairi ndiyo mabovu. Kumbe tatizo ni kuwa shokomzoba zimekazwa kuliko barabara hiyo inavyoruhusu.

Suala hili si la starehe pekee. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husafiri karibu mita 28 kila sekunde. Gurudumu likiachana na ardhi kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, gari hupita takriban mita tatu ambapo gurudumu hilo haliwezi kusaidia kufunga breki wala kugeuza gari. Mita tatu zatosha kuamua iwapo gari litasimama kabla ya kumfikia mtoto anayevuka barabara.

Kwa hivyo, anayetaka kurekebisha shokomzoba anafaa kuanza kwa kufahamu kazi yake. Kazi hiyo si kulifanya gari liwe gumu. Ni kuhakikisha kwamba tairi linabaki ardhini.

Springi na shokomzoba

Uzito wa gari hubebwa na springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubonyea na kuhifadhi nguvu ya pigo hilo. Lakini springi haijui kutulia. Baada ya kubonyea hujinyoosha, hupita kiasi, hubonyea tena na kujinyoosha tena. Ikiachwa peke yake, gari hunesanesa mithili ya mashua inayopigwa na mawimbi.

Shokomzoba ndiyo inayozima mneso huo. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka katika oili. Oili hulazimika kupenya kwenye vitundu vidogo na vali nyembamba, na upinzani unaotokea hugeuza mwendo kuwa joto. Ndiyo sababu shokomzoba ya gari lililotoka kwenye barabara mbovu huwa na joto ikiguswa.

Kukaza shokomzoba, basi, ni kuibana njia ya oili ili ipite kwa taabu zaidi. Kuilegeza ni kuipanua njia hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba upinzani wa shokomzoba hutokana na kasi ya pistoni. Pistoni isiposogea, hakuna upinzani wowote. Gari likiwa katika kona ndefu na limekwisha kuinama, shokomzoba haina tena la kufanya. Kiasi cha kuinama huamuliwa na springi pamoja na fito ya stebilaiza. Shokomzoba huamua tu ni kwa haraka gani gari litafikia mwinamo huo.

Kwa sababu hiyo, dereva anayelalamika kwamba gari lake huinama mno katika kona hatapata nafuu ya kudumu kwa kukaza shokomzoba. Atapata gari linaloinama polepole zaidi, na ambalo huwaumiza abiria mgongo.

Mabwana wawili

Ugumu wa kazi hii watokana na kwamba shokomzoba hutumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja.

Bwana wa kwanza ni bodi ya gari. Katika magari mengi ya kawaida, bodi hupanda na kushuka juu ya springi zake takriban mara moja hadi mara moja na nusu kwa sekunde. Mwendo huo ni wa polepole, na hudhibitiwa vyema na shokomzoba iliyo ngumu kiasi.

Bwana wa pili ni gurudumu lenyewe. Gurudumu ni jepesi kuliko bodi na limebanwa kati ya springi na mpira wa tairi. Likipigwa, hutikisika takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Linahitaji uhuru wa kupanda na kushuka ili lifuate sura ya barabara. Shokomzoba ikiwa ngumu mno, gurudumu hukosa uhuru huo, nalo hupaa juu ya vishimo badala ya kuingia na kutoka.

Ikiwa laini mno, mambo huharibika vilevile. Bodi hunesa, uzito huhama kutoka gurudumu hadi gurudumu bila mpango, na gurudumu likishapigwa huendelea kudundadunda kama mpira.

Wahandisi hupima hali hii kwa kulinganisha upinzani wa shokomzoba na ule ambao ungetosha kuzima mneso wote mara moja. Kwa magari ya kawaida, kiwango hicho huwa takriban asilimia 20 hadi 40. Kwa magari ya mashindano ya lami huweza kufika asilimia 50 hadi 70. Hata huko, hakuna anayelenga kufika mwisho kwa sababu tu skrubu bado inazunguka.

Kubonyea na kujinyoosha

Shokomzoba hufanya kazi katika pande mbili. Upande wa kwanza ni wakati inapobonyea, yaani gurudumu linapopanda kuelekea bodi. Upande wa pili ni inapojinyoosha, gurudumu linaporudi chini.

Katika magari mengi ya kawaida, upinzani wa kujinyoosha huwa mkubwa kuliko ule wa kubonyea, wakati mwingine mara mbili au tatu. Sababu yake ni rahisi. Gurudumu linapopigwa na jiwe, upinzani mkubwa wa kubonyea ungepitisha pigo lote moja kwa moja hadi kwenye bodi na viunoni mwa abiria. Ni afadhali springi ilipokee pigo hilo, kisha shokomzoba iituliza springi inaporudi.

Hata hivyo, upande wa kujinyoosha nao una hatari yake. Ukikazwa kupita kiasi, gurudumu huchelewa kushuka baada ya kugongwa. Likikutana na tuta la pili kabla halijashuka, huanzia juu zaidi. La tatu hulikuta juu zaidi ya hapo. Katika barabara za murami zilizojaa vijituta kama mbao za kufulia, gari huzama kidogo kidogo hadi likaegemea mipira ya kizuizi. Wakati huo springi huwa haina nafasi tena ya kufanya kazi, na kila pigo hupenya hadi ndani.

Dereva huhisi gari limekuwa gumu kama gogo na hudhani kwamba springi ndizo ngumu. Wengine hubadilisha springi bure, ilhali dawa ilikuwa kulegeza skrubu kidogo.

Kuna pia tofauti kati ya mwendo wa polepole na mwendo wa kasi wa pistoni. Hapa haizungumzwi kasi ya gari, bali kasi ya pistoni ndani ya shokomzoba. Dereva anapofunga breki, anapoingia kona au anapokanyaga mafuta, pistoni husogea polepole, aghalabu chini ya sentimita 10 kwa sekunde. Gurudumu linapogonga shimo au ukingo wa uwanja wa mashindano, kasi hiyo huweza kupita nusu mita kwa sekunde. Shokomzoba za bei ya juu hukuwezesha kurekebisha miendo hii miwili kila mmoja kivyake.

Aina za shokomzoba

Magari mengi barabarani yana shokomzoba zisizorekebishika. Kiwanda kiliamua ugumu wake, na kazi ya mwenye gari ni kuzibadilisha zikichakaa.

Zinazorekebishika ni za namna mbalimbali. Zilizo rahisi zina skrubu moja. Katika baadhi yake, kama zile za manjano za kampuni ya Koni ya Uholanzi, skrubu hiyo hubadilisha hasa upinzani wa kujinyoosha. Katika nyingine, skrubu hubadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Yafaa mnunuzi asome maelezo ya kiwanda ili ajue skrubu yake inabadilisha nini, kwa maana ushauri unaofaa shokomzoba moja huenda usifae nyingine.

Zipo zenye skrubu mbili, moja ya kubonyea na nyingine ya kujinyoosha. Zipo pia za skrubu tatu au nne, zinazotenganisha mwendo wa polepole na wa kasi. Hizi hutumiwa zaidi katika mashindano, na mtu asiye na mazoezi huweza kupotea humo.

Aidha, kuna magari ambayo hubadilisha ugumu kwa umeme. Mnamo 2002, gari aina ya Cadillac Seville la Marekani lilianza kuuzwa likiwa na shokomzoba zenye oili iliyochanganywa na chembe za chuma, ambayo hubadilisha ukinzani wake inapopitishiwa nguvu ya sumaku. Siku hizi magari kadhaa ya kifahari yana kitufe cha kuchagua mwendo wa starehe au wa mbio. Hata mwenye gari la namna hii anapaswa kujua kwamba kitufe cha mbio hakikuwekwa kwa ajili ya barabara yenye mashimo.

Kabla ya kugusa skrubu

Marekebisho hayawezi kuponya kifaa kilichokufa. Shokomzoba inayovuja oili yafaa kubadilishwa, na ni vyema zibadilishwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Dalili nyingine za uchakavu ni tairi kulika kwa mabaka, mlio wa kugonga chini ya gari, na pua ya gari kuendelea kunesa baada ya kupita tuta.

Mambo mengine ya kukagua ni bushi, bolijointi, na upepo wa matairi. Tairi lenyewe ni springi. Tofauti ndogo ya upepo huweza kubadilisha tabia ya gari kiasi cha kumfanya dereva asifie au alaumu shokomzoba bila sababu. Kwa hivyo, upepo upimwe matairi yakiwa baridi, na ubaki uleule muda wote wa majaribio.

Springi nazo ziafikiane na shokomzoba. Wapo wanaokata springi za kiwanda kwa msumeno ili gari liwe chini. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi na fupi zaidi, na huenda hata isikae vyema mahali pake. Hakuna ugumu wa shokomzoba unaoweza kuondoa hatari hiyo.

Baada ya ukaguzi, dereva atafute mwanzo wa hesabu. Shokomzoba nyingi huhesabiwa kutoka upande mgumu. Skrubu huzungushwa taratibu kuelekea kulia hadi ikome, bila kuilazimisha, kisha hurudishwa nyuma huku vituo vikihesabiwa. Kila kituo husikika kwa mlio mdogo au huhisika kwa vidole. Kulazimisha skrubu iliyofika mwisho huweza kuharibu vali ya ndani, na gharama ya kosa hilo si ndogo.

Hesabu iandikwe katika daftari, gurudumu kwa gurudumu. Kulia na kushoto kuwe sawa, isipokuwa kwa sababu maalumu za mashindano. Dereva asiyeandika alikotoka hawezi kurudi alikotoka.

Katika barabara ya kawaida

Kwa matumizi ya kila siku, kanuni iliyo salama ni kuanzia upande laini na kupanda kidogo kidogo.

Dereva achague kipande cha barabara anachokifahamu, chenye urefu wa kilomita chache, kisicho na msongamano, chenye tuta, kona na mahali palipo na viraka. Apite hapo kwa kasi ileile inayoruhusiwa na sheria kila mara. Mara ya kwanza, shokomzoba zote ziwe katika kiwango laini kabisa ambacho kiwanda kinaruhusu. Huenda gari likanesa baada ya tuta na pua ikainama sana wakati wa kufunga breki. Hilo ni la kutarajiwa.

Kisha aongeze vituo viwili au vitatu kwa magurudumu yote na apite tena. Aendelee hivyo hadi gari lipite tuta, lipande mara moja, lishuke na kutulia. Hapo ndipo penye kiwango kinachofaa. Akiendelea kukaza baada ya hapo, ataanza kuhisi vishimo vidogo kwenye usukani na kitini, na gari litaanza kuyumba kando katika kona zenye viraka. Hiyo ni ishara ya kurudi nyuma vituo viwili.

Chukua mfano wa shokomzoba yenye vituo 24 kutoka mwisho mgumu. Haitakuwa ajabu dereva wa mjini kuridhika akiwa vituo 16 au 18 kutoka mwisho huo. Mwenzake anayetumia zaidi barabara kuu yenye lami laini huenda akapendelea 12 au 14. Hesabu hizi ni za kuonyesha njia tu, kwa kuwa vituo vya kampuni moja havilingani na vya nyingine.

Mzigo pia hubadilisha mambo. Gari lililorekebishwa likiwa na mtu mmoja haliwi lilelile likibeba watu watano na mizigo ya kwenda mashambani msimu wa Disemba. Uzito unapoongezeka, upinzani uliotosha hapo awali huwa haba. Kuongeza vituo viwili au vitatu nyuma, hasa vya kujinyoosha, huzuia mkia kunesanesa. Safari ikiisha na mzigo ukishushwa, vituo hivyo virudishwe.

Mvua inaponyesha, gari huhitaji ulaini zaidi. Katika lami iliyolowa, tairi hushika kwa unyonge, na uzito unaohama ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine huweza kuliondoa barabarani. Shokomzoba laini hupeleka uzito huo kwa upole na kumpa dereva nafasi ya kuhisi tairi linapoanza kuteleza.

Katika uwanja wa mashindano

Uwanja wa mbio ni mahali tofauti kabisa. Lami ni sawa, hakuna mashimo wala matuta ya kupunguza kasi, na dereva hurudi katika kona ileile kila baada ya dakika moja au mbili. Hapa bwana wa kwanza, yaani bodi, ndiye anayedai zaidi. Gari hufunga breki kwa nguvu, hugeuka kwa haraka na kutoka kwa kasi. Bodi ikichelewa kutulia, dereva hulazimika kusubiri kabla ya kukanyaga mafuta.

Ndiyo maana shokomzoba hukazwa zaidi. Gari lililokuwa vituo 16 barabarani huenda likafanya vyema likiwa vituo vinane au 10 uwanjani. Lakini kanuni haibadiliki. Kiwango hutafutwa, hakibahatishwi.

Kwa mwenye shokomzoba za skrubu mbili, utaratibu unaosaidia ni kuanza na upande wa kubonyea huku upande wa kujinyoosha ukiwa laini. Ugumu wa kubonyea huongezwa hatua kwa hatua hadi gari lianze kurukaruka kando katika kona zenye mikwaruzo. Hapo hurudishwa nyuma vituo kadhaa na kuachwa. Kisha ugumu wa kujinyoosha huongezwa hadi gari liingie konani bila kuangukia upande mmoja kwa ghafla. Dereva akiona gari linazama au magurudumu yanachelewa kushuka, amepita kiasi.

Baada ya hapo huja suala la uwiano wa mbele na nyuma. Kwa jumla, upande uliokazwa zaidi ndio unaotangulia kupoteza mshiko wakati gari linapobadilisha mwelekeo. Pua ikikataa kuingia konani na gari likaendelea mbele, shokomzoba za mbele zilegezwe kidogo au za nyuma zikazwe kidogo. Mkia ukitoka mapema, nyuma kulegezwe. Anayeanza ni heri abaki upande wa pua nzito, kwa maana mkia unaotoka ghafla humshinda hata dereva mzoefu.

Mahali tatizo linapotokea hutoa dokezo la skrubu ya kugusa. Wakati wa kufunga breki, shokomzoba za mbele hubonyea na za nyuma hujinyoosha. Wakati wa kutoka konani kwa kasi, mambo hugeuka, za nyuma zikabonyea na za mbele zikajinyoosha. Ikiwa gari hutulia kila mahali isipokuwa linapopanda kingo za uwanja, basi kinachohitajika ni kulegeza upinzani wa mwendo wa kasi wa kubonyea, ikiwa shokomzoba ina skrubu hiyo.

Joto nalo lisisahaulike. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na shokomzoba hulegea. Gari lililokuwa sawa katika mizunguko miwili ya kwanza huenda likabadilika katika ule wa sita. Kwa sababu hiyo, uamuzi ufanywe gari likiwa limepata joto la kawaida la mashindano. Isitoshe, matairi na breki pia huchoka, na si kila badiliko linatokana na shokomzoba.

Sheria iliyo kuu katika kazi hii yote ni kubadilisha jambo moja kwa wakati. Dereva anayebadilisha upepo wa matairi, skrubu za mbele na za nyuma kwa mpigo mmoja hatajua ni lipi lililomsaidia na lipi lililomdhuru.

Vilevile, majaribio haya yana mahali pake. Kutafuta mwisho wa mshiko wa tairi kunafaa kufanyiwa uwanjani au katika barabara iliyofungwa kwa mashindano yenye idhini, palipo na waangalizi na gari la wagonjwa. Barabara ya umma ina watembea kwa miguu, waendeshaji bodaboda na mifugo.

Funzo la Safari Rally

Anayeshikilia kwamba mbio ni ugumu anaweza kuyatazama mashindano ya Safari Rally. Mashindano hayo yaliyoanza mwaka wa 1953 yalirejea katika kalenda ya Ubingwa wa Dunia mnamo 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawa Naivasha. Magari yanayoshiriki ni miongoni mwa yaliyo na kasi zaidi duniani katika barabara za vumbi. Hata hivyo, shokomzoba zake si ngumu kama za magari ya mbio za lami.

Hupewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na ulaini wa kutosha ili gurudumu liweze kuingia katika makorongo na kutoka bila kuliinua gari. Magari hayohayo yakipelekwa kushindana katika mikondo ya lami ya Ulaya, hushushwa chini na kukazwa. Hakuna timu inayojaribu kutumia ugumu mmoja kila mahali.

Ikiwa wenye fedha na wahandisi wa kutosha hubadilisha shokomzoba kulingana na barabara, mwenye gari moja la kwenda kazini na la kushindana wikendi hana budi kufanya vivyo hivyo.

Kurudi nyumbani

Hatari kubwa kuliko zote hutokea jioni, mashindano yakiisha. Dereva amechoka, ana furaha au huzuni ya matokeo, na jua linazama. Huingia garini na kushika njia ya nyumbani huku shokomzoba zikiwa bado katika kiwango cha uwanjani na upepo wa matairi haujarekebishwa.

Lami ya uwanjani haikuwa na shimo hata moja. Barabara ya kurudi ina mashimo, matuta yasiyo na alama na mchanga uliomwagika konani. Gari lililokuwa tiifu asubuhi sasa hurukaruka. Dereva akifunga breki ghafla juu ya viraka, magurudumu huwa hewani kwa vipindi vifupi na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Dawa ya tatizo hili haizidi dakika 10. Kabla ya kuwasha gari, dereva afungue daftari, atazame hesabu ya barabara ya kawaida, azungushe skrubu zote nne hadi mahali pake na apime upepo. Kisha ahakikishe kwamba nati za magurudumu zimekazwa, kwa kuwa huenda zilifunguliwa mara kadhaa mchana huo.

Wahenga walisema kila mlango una ufunguo wake. Shokomzoba ya kurekebishwa ni kama kitita cha funguo. Mwenye gari aliyelipa fedha nyingi kuinunua, kisha akaikaza hadi mwisho na kuisahau, amenunua kitita kizima akatumia ufunguo mmoja tu kwa kila mlango.